Pini ya Ekseli ya Nyuma

Usukani wa lori la shirika la umma ulikuwa mzito kiasi kwamba sisi tulioliendesha tulijulikana kwa mabega. Safu ikipangwa msikitini, imamu akituambia tusogeleane, mtu wa kushoto kwangu alizoea kunong'ona kuwa mimi peke yangu nimekula nafasi ya watu wawili. Miaka mingi nilipitisha tela kwenye kona za Gerezani na mitaa ya Kariakoo kwa nguvu za mikono na bismillahi, na sikugusa hata kibaraza cha mtu. Nasema hivi kwa kushukuru. Mabega alinipa Mungu, kazi akanipa Mungu, na siku shirika lilipotukusanya uwanjani na kutusomea orodha ya waliopunguzwa, nikasikia jina langu, nilisema alhamdulillahi kwa sauti, mpaka aliyesimama karibu nami akaniuliza kama nimesikia vizuri.

Zilikuwa siku ambazo kila kitu kilikuwa kimekuwa ruksa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu na muuzaji anayesinzia yalijaa mpaka bidhaa zikamwagika barazani. Sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni tangu alfajiri sasa ilitufuata mlangoni kwetu. Makontena yalitoka bandarini kila siku, na mitaa ya Kariakoo, iliyopimwa kwa ajili ya watu na mikokoteni, ikatakiwa iyapokee.

Tajiri mmoja wa Kihindu, ambaye familia yake iliuza mabati na misumari mtaani kwetu tangu zama za babu yake, aliagiza lori la mtumba kutoka Ulaya pamoja na tela lake. Akaniita dukani.

"Maalimu, wewe unajua kurudi nyuma?" Wengi waliniita hivyo kwa sababu ya darsa niliyokuwa nikiwasomesha watu baada ya Alasiri.

"Tajiri, kwenda mbele kila mtu anajua."

Akacheka, akanipa ufunguo. Ghala lake lilikuwa ndani ya kichochoro nyuma ya duka, na lori refu halikuweza kuingia humo isipokuwa kwa kurudi nyuma, likipita kati ya nyumba mbili za Kiswahili zenye nguzo za mbao mbele. Hapo ndipo dereva alipopimwa.

Lori lile lilinishangaza kwa mambo mawili. La kwanza ni usukani wake. Ulikuwa wa pawa, na niliuzungusha kwa kiganja kimoja kama mtu anayefuta meza. Wiki ya kwanza nilirudi nyumbani mikono haina uchovu, mke wangu akaniuliza kama kweli nilikwenda kazini. Nilifurahi, lakini nilipoteza kitu ambacho sikukijua mpaka kilipoondoka. Usukani mzito ulikuwa unanipa habari. Tairi likigusa ukingo wa mtaro, bega lilijua kabla ya jicho. Usukani mwepesi uko kimya. Unakutii, wala haukwambii lolote.

La pili ni tela lenyewe. Lilikuwa na ekseli tatu, na ile ya mwisho kabisa ilikuwa inajipinda yenyewe. Ukikata kona kwenda mbele, matairi yake yalifuata mkunjo wa barabara bila mtu kuyaamuru, na mkia wa tela ukapita pale ulipopita mwanzo wake. Nilikata kona za Kariakoo ambazo zamani zilinitaka nipande juu ya kibaraza upande wa pili. Wasukuma mikokoteni walisimama kutazama.

"Maalimu, tela lako linakata kiuno!"

"Limetoka kwenye ngoma hilo, si bandarini!"

Bibi mmoja, mjane aliyekuwa na nyumba ya Kiswahili pale mdomoni mwa kichochoro, aliniambia kwa uso mkavu kuwa chombo kinachogeuka bila kugeuzwa kina mwenyewe ndani, akataka anisomee dua. Nikamwambia, "Bi Mkubwa, kina grisi tu ndani." Akasema hata hivyo dua haidhuru.

Sasa, ekseli ile ilikuwa rehema kwenda mbele na balaa kurudi nyuma. Ukirudi nyuma huku imefunguka, matairi yale yanajipinda upande yanaoutaka yenyewe, na mkia unakwenda huko. Waliolitengeneza walijua hivyo, wakaweka kitasa cha upepo ambacho dereva angekifunga kwa kubonyeza mahali fulani akiwa kitini. Lakini mipira ya upepo ilikuwa imekatwa kabla ya tela kufika kwetu, na vipuri vyake havikupatikana, si Gerezani, si Buguruni. Basi fundi mmoja wa Gerezani akatoboa matundu mawili, moja kwenye ekseli na moja kwenye fremu, akachonga pini ya chuma nene kama mchi mdogo. Unakwenda mbele kidogo, umenyooka, matundu yanakutana, mtu aliye nyuma anaiingiza pini, na ekseli inakuwa kama ekseli nyingine yoyote.

Mtu aliye nyuma. Kila kitu kilimwangukia yeye. Mimi kitini sikuweza kuiona pini, wala mkia wote wa tela. Kwa hiyo tulikuwa na lugha yetu ya kipande cha nondo. Aligonga chuma cha tela mara tatu, maana yake pini imeingia. Mara mbili, rudi. Mara moja, simama. Mlio ulipita kwenye fremu mpaka chini ya kiti changu, hata soko likivuma vipi.

Na mtu huyo wa nyuma nilimchagua mimi.

Tulisoma chuo kimoja cha Kurani, yeye na mimi, kwa mwalimu mmoja, tukigawana ubao mmoja wa kuandikia. Shirikani alikuwa stoo ya matairi, na orodha iliyonisoma mimi ilimsoma na yeye. Nilipopata lori nilimwambia tajiri kwamba simtaki utingo mwingine yeyote. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi kidevuni, na wapakuaji walimtania, "Utingo gani huyu, anaitwa babu nyumbani?" Naye akajibu, "Ndiyo, na wewe ukinizoea nitakuita mjukuu nikutume sigara." Alikuwa mcheshi. Nilipolala na malaria wiki mbili, ni yeye aliyemletea mke wangu unga na kuni. Siwezi kuliondoa hilo kwa sababu ya yaliyofuata. Lilitokea, na Mungu ameliandika.

Alikuwa na leseni, ila hakuwa ameendesha tela. Kila Ijumaa baada ya sala nilimpeleka kwenye kiwanja cha upande wa reli, nikamkalisha kwenye kiti changu, nikamfundisha kurudi. Mbele alijifunza upesi. Nyuma ilimshinda. Alizungusha usukani kwa pupa, kwa kuwa ulikuwa mwepesi, na tela likajikunja kama kisu.

"Swahiba, unanificha siri," alisema siku moja, akishuka kwa hasira.

"Siri gani? Geuza kidogo, ngoja, sikiliza."

"Nisikilize nini? Huu usukani hauna sauti."

"Msikilize mtu aliye nyuma."

"Na aliye nyuma yeye atamsikiliza nani?"

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wake kama mizaha mingine.

Siku ya tukio ilikuwa kabla ya Adhuhuri. Nilikuwa na kontena la vigae. Nilipofika kichochoroni, lori lingine lilikuwa linatoka, mikokoteni ikanisonga nyuma na mbele, na mtu mwenye gari dogo akashikilia honi bila kuiachia. Nilijaribu kunyoosha ili matundu yakutane, nafasi ikawa ndogo. Nikasogea mbele mara moja, mara mbili. Wauza duka wakaanza, "Maalimu leo vipi? Anza basi tufanye biashara!" Nikasubiri.

Nikasikia nondo. Moja, mbili, tatu.

Kisha zikaja mbili.

Nikarudi. Nilikuwa nimekwenda labda mita nne nilipoona kwenye kioo mkia ukihama kushoto, taratibu, kama mtu anayegeuka usingizini. Nikageuza usukani kuuzuia, ukageuka kwa kiganja kimoja bila kuniambia kitu. Nilipokanyaga breki nguzo ya kwanza ya nyumba ya Bi Mkubwa ilikuwa imekwisha kuanguka, na ya pili ikaifuata, na bati la baraza likalala juu ya mkeka wake. Ukuta wa chumba cha mbele ulipasuka tokea dirishani hadi chini.

Yeye hakuwepo. Alikuwa uani akitawadha. Alitokea mlangoni mikono ikichuruzika maji, akatazama mahali alipokaa dakika chache kabla, akaketi chini kwenye kizingiti. Sijapata kushukuru maishani mwangu kama nilivyoshukuru saa ile.

Mwenzangu alikuwa amesimama nyuma ya tela, nondo mkono mmoja, pini mkono mwingine. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Tumekwisha, swahiba," aliniambia.

Watu walikuwa wameshajaa. Nikashika bega lake. Nikasema, "Hakuna aliyekufa." Hatukuzungumza zaidi, na lile "tumekwisha" lake ndilo neno la mwisho aliloniambia kama rafiki.

Baada ya Alasiri tajiri alituita wote wawili. Mwenzangu alitangulia kusema. Alisema matundu hayakukutana, pini haikuingia, akagonga mara moja nisimame, nami kwa haraka ya watu na honi nikarudi bila kumsikiliza. Alisema kwa upole, kama mtu anayeniombea. "Amechoka, tajiri. Sote tunachoka."

Nilimtazama mdomoni. Sikuelewa kwa muda kwamba anayezungumziwa ni mimi.

"Uligonga tatu," nikasema. "Kisha mbili."

"Nilisikitika sana kuona husimami," akajibu, akimtazama tajiri.

Tajiri alishika kichwa. Aliahidi kuijenga nyumba ya Bi Mkubwa, na akaijenga vizuri kuliko ilivyokuwa. Lakini Bi Mkubwa hakutaka nyumba tu. Alituma mjumbe kusema kuwa atasamehe, ila anataka aliyekosa aje barazani kwake aseme kwa kinywa chake, nimekosa. Akasema sisi ni watu wa msikiti mmoja, hatushindwi na hilo. Na tajiri akasema, "Mimi ya msikitini siyajui. Wazee wenu wakishasema nani mkosa, huyo hagusi usukani wangu tena." Kwa hiyo kiti changu na neno langu vikawekwa mezani pamoja.

Wazee walitukutanisha Alhamisi, baada ya Alasiri, wakati wa darsa yangu. Hakukuwa na shahidi. Mtaa wote ulikuwa unagonga vyuma saa ile, na aliyesikia tatu alisikia tatu za nani? Imamu alisema kanuni ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nikiisomesha pale pale: mwenye kudai alete ushahidi, na anayekana aape. Akawa anafikiri amwapishe nani.

Hapo mwenzangu aliinua mkono.

"Aapishwe yeye," akasema. "Akishika Msahafu akaapa kwamba alisikia tatu, mimi nitakwenda kwa Bi Mkubwa kwa magoti. Sitaki mengi."

Wazee wakanong'onezana kwa kuridhika. Ni mtu gani mwema kuliko huyu, anayeiweka haki yake mikononi mwa mwenziwe?

Inanilazimu nieleze alichokijua yeye na wao hawakukijua.

Tulipokuwa vijana wa miaka ishirini hivi, mwaka mmoja usiku wa kuutazama mwezi wa Shawali, tulisimama yeye na mimi ukingoni mwa bonde la Jangwani. Wingu lilipasuka kidogo magharibi. Nikaona uzi mweupe. Nikamwambia, yeye akasema haoni kitu. Nilikimbia mpaka msikitini, nikaapa mbele ya watu kuwa nimeuona mwezi kwa macho yangu, na mtaa wetu ukafungua. Kesho yake, wakati watoto wa mtaani kwetu wamevaa nguo mpya, mji mzima ulikuwa umefunga. Jioni ile mwezi ulionekana na kila mtu, mahali pengine kabisa, mwembamba kama ulivyo mwezi wa siku ya kwanza. Sikusema uongo. Niliona uzi mweupe. Lakini watu wazima na wazee walikula mchana wa Ramadhani kwa ajili ya ulimi wangu, na wakailipa siku hiyo. Niliweka nadhiri kwamba sitaapa tena kwa jina la Mungu juu ya jambo nililoletewa na jicho au sikio tu. Mwalimu wetu alikuwa amefariki. Nilimwambia mtu mmoja tu, mwenzangu huyu huyu, naye alinishika mkono akaniambia ni nadhiri nzuri, na kwamba ataitunza pamoja nami.

Imamu alinisogezea Msahafu.

"Maalimu, shika useme ulichokisikia."

"Nilisikia tatu," nikasema. "Kisha mbili. Nasema hivyo bila kiapo."

"Kiapo ndicho kinachotakiwa."

"Siapi."

Nje muuza kahawa alikuwa anagonganisha vikombe vyake, na nakumbuka nilivihesabu bila kutaka. Nilingoja mwenzangu aseme. Neno moja lilitosha: jamani, ana nadhiri. Hakuhitaji hata kukiri kosa. Alikuwa ameinamisha kichwa, anachezea uzi wa jamvi.

"Kwa nini huapi?" mzee mmoja akauliza.

Ningeweza kueleza habari ya mwezi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikueleza. Nadhani ilikuwa aibu, maana baadhi ya wazee wale walikuwa miongoni mwa waliofungua kwa kiapo changu. Na nadhani ilikuwa kiburi pia, Mungu anisamehe. Nilitaka yeye ndiye aseme.

"Sina la kuongeza," nikajibu.

Mwenye kukana akikataa kuapa, kiapo humrudia mwenzake. Hilo nalo nimelisomesha. Imamu akamgeuzia Msahafu. Mwenzangu akatawadha upya, akarudi, akaushika kwa mikono yote miwili, akaapa kwamba aligonga mara moja tu. Sauti yake haikutetemeka. Yangu ingetetemeka.

Njiani kurudi nyumbani watu waliniamkia kama kawaida, lakini walikuwa wakinipisha njia zaidi ya ilivyohitajika. Nilikwenda kwa Bi Mkubwa. Nilimwambia, "Lori nililiendesha mimi, na nyumba yako niliivunja mimi. Nisamehe." Hakuna uongo ndani ya maneno hayo. Alinisamehe, akanipa maji ya kunywa. Kisha akaniuliza, "Lakini ulisikia ngapi, mwanangu?" Nikamwambia tatu. Akapokea kikombe chake, hakuniambia ananiamini wala haniamini.

Usiku ule nilimweleza mke wangu habari ya nadhiri kwa mara ya kwanza, naye hakuwa na subira ya Bi Mkubwa.

"Kwa hiyo umeitunza nadhiri yako," alisema, akikoroga chungu kana kwamba kina kosa.

"Nimeitunza."

"Na yeye je, ameitunza?"

Nilivua kofia nikaitundika.

"Kasome Halbadiri basi. Mtu kaapa uongo juu ya Msahafu. Usome, tumwone anavyovimba tumbo."

"Sitamsomea ndugu yangu Halbadiri."

"Ndugu yako!" akasema, na akaweka mwiko chini. Alilia, jambo ambalo hakulifanya siku ya kupunguzwa kazi.

Darsa ya Alasiri ilihamishiwa kwa mtu mwingine. Hakuna aliyeniambia niache. Siku moja nilifika nikakuta amekwisha kuketi mahali pangu, anasoma, nami nikaketi nyuma nikasikiliza. Alikuwa anasoma vizuri. Nilijilazimisha kushukuru kwamba elimu haikukatika, na nilipata kushukuru, ila ilichukua siku nyingi.

Kiti cha lori alipewa mwenzangu.

Baada ya miezi miwili hivi, tajiri alinipigia hodi nyumbani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikaa kwenye mkeka wetu bila kutafuta kiti.

"Maalimu, kiti siwezi kukurudishia. Mtaa wote umesikia kiapo, na mimi naishi na mtaa." Akanywa chai kidogo. "Lakini yule anaacha lori barabara kubwa, tunabeba mzigo kwa vichwa mpaka ghalani. Kurudi hawezi. Watu wawili wa nyuma wameacha kazi, anawafokea. Njoo ukae nyuma wewe."

"Yeye amekubali?"

"Yeye sijamwuliza."

Mke wangu alikuwa mlangoni, anatikisa kichwa kwamba nisiende. Tulikuwa na watoto wanne. Nikasema nitakwenda.

Asubuhi ya kwanza nilimkuta ameketi kitini, amekwisha kuwasha. Nikamwamkia assalamu alaykum. Akaitikia akitazama mbele. Nikachukua nondo na pini chini ya kiti, nikapanda nyuma, tukaenda bandarini na kurudi na kontena bila neno.

Tulifika kichochoroni karibu na saa ile ile. Nyumba ya Bi Mkubwa ilikuwa na nguzo mpya za saruji, naye ameketi kati yake, anachambua mchele kwenye ungo. Wasukuma mikokoteni walijipanga kutazama. Habari ilikuwa imeenea kwamba leo aliyeapa anarudishwa na asiyeapa. Tajiri alitoka dukani, akasimama mlangoni na kalamu sikioni.

Nilimwashiria asogee mbele, akanyoosha. Matundu yalikutana. Nikaiingiza pini mpaka mwisho, nikaipiga kwa kiganja kuhakikisha. Kisha nikachukua nondo, nikagonga mara tatu.

Lori halikwenda. Nilidhani hakusikia. Nikagonga tena tatu, polepole, kila moja peke yake.

Mlango wa mbele ukafunguka. Akashuka. Akatembea urefu wote wa tela, mbele ya mtaa mzima, akafika nyuma, hakunitazama. Akapiga magoti vumbini, akainama chini ya fremu, akaitazama pini. Akanyoosha mkono akaishika.

Muda wote wa kazi yangu, na kazi ya kila dereva niliyemjua, hakuna aliyewahi kushuka. Ukimsikia mtu wako, unarudi. Nami nilirudi siku ile kwa sababu hiyo. Hashuki ila anayejua kuwa tatu zaweza kugongwa pini ikiwa bado mkononi.

Hakuna aliyecheka, hata wasukuma mikokoteni ambao wangemtania maiti. Bi Mkubwa aliacha kuchambua mchele. Alisema kwa sauti yake ya kawaida, kama anauliza bei ya kitu:

"Mbona huyu anashuka? Yule mwingine alikuwa hashuki."

Tajiri alitoa kalamu sikioni. Alimtazama mtu aliyepiga magoti, kisha akanitazama mimi, muda mrefu, akaingia dukani. Kiti hakunirudishia, siku ile wala baadaye. Lakini tangu hapo chai yake ya saa nne ilinijia mimi kwanza.

Mwenzangu aliinuka. Vumbi lilikuwa limemshika magotini. Midomo yake ilikuwa inatembea, na nilidhani kwamba sasa atasema, na nilikuwa nimeshaliandaa jibu tangu miezi miwili, jibu jema, la mtu aliyesoma. Nilitaka sana anipe nafasi ya kulitoa.

"Imeingia," akasema.

"Imeingia," nikamwambia.

Alirudi mbele akapanda. Akakaa kitini bila kuondoa lori, na kwenye kioo niliona nusu ya uso wake. Nyuma yetu mtu wa gari dogo alianza kupiga honi, na mikokoteni ilikuwa imefunga njia, watu wanataka kupita na mizigo vichwani. Moyo wangu ulikuwa mchungu, nami sitalificha hilo katika umri huu. Nikainua nondo, nikagonga mara mbili. Akaanza kurudi taratibu, nami nikitembea kando ya gurudumu la mwisho, mpaka mkia ukaingia ghalani bila kugusa nyumba ya mtu.